Pedali ya kushoto: historia ya ambreyaji kwenye milima ya Bukavu

BUKAVU – Anayesimama asubuhi kando ya barabara inayopanda Kadutu hakosi kulisikia. Motere inalia juu, dereva anakanyaga zaidi, lakini gari halipandi. Linavuta kidogo, linachoka, na nyuma yake kunakuja harufu kali kama ya ukucha uliochomwa. Wapita njia wanageuka, abiria wanaanza kutafuta mlango. Hata mama muuza ndizi aliye hapo pembeni anaijua ile harufu: ambreyaji imekwisha.

Mji huu umejengwa juu ya milima na kwenye zile rasi zinazoingia ndani ya ziwa Kivu. Maji ya ziwa yako kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na nyumba nyingi za wakaaji ziko juu zaidi, kwenye miteremko. Barabara ya tambarare ni chache. Gari linalofanya kazi Bukavu linasimama na kuondoka kwenye mlima mara nyingi kwa siku, likiwa limejaa. Kwa hiyo kile kipande kidogo kilichojificha kati ya motere na bwati ya vitesi kina historia ndefu hapa, na historia hiyo inashikamana na ile ya mji wenyewe.

Tuanze na kazi yake. Motere inazunguka wakati wote. Magurudumu hayazunguki wakati wote. Lazima kuwe na kitu cha kuyaunganisha polepole na kuyaachanisha pale dereva anapobadilisha vitesi. Nyuma ya motere kuna vola, lile gurudumu zito la chuma. Mbele ya vola kuna disiki yenye nyuzi zilizoshindiliwa pande zote mbili, na juu ya disiki kuna plato yenye resori za nguvu inayoibana disiki kwenye vola. Dereva akikanyaga pedali ya kushoto, rulema inayoitwa bute inasukuma resori, plato inaachia, disiki inabaki huru. Akiachia pedali, disiki inabanwa tena na nguvu inapita. Kila mara inapobanwa, disiki inateleza kidogo kabla ya kushika, na kila kuteleza kunakula unyoya mmoja wa ile nyuzi. Kwenye tambarare unyoya ni mwembamba. Kwenye mlima wa Kadutu ni mnene.

Magari ya kwanza ya Ulaya hayakuwa na disiki kavu kama hii. Mengi yalitumia koni iliyovikwa ngozi, ambayo ilishika kwa ghafula na kukauka upesi. Dereva mwema alitembea na mafuta ya kuilainisha ngozi yake. Katika miaka ya 1920 disiki moja kavu ndiyo ilishinda, na ni katika miaka hiyo na ile iliyofuata ambapo malori yalianza kupanda kwa wingi kuja huku, kwenye mji ambao wakati ule uliitwa Costermansville.

Hapo pana jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Bidhaa za Kivu hazikutoka Matadi peke yake. Ubelgiji ulipata nafasi yake kwenye bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma kwa mapatano ya mwaka 1921 na Waingereza. Mzigo ulishuka Dar es Salaam, ukapanda treni hadi Kigoma, ukavuka Tanganyika kwa meli hadi upande wa Uvira. Kutoka hapo reli ndogo ya Kivu ilipita bonde la Ruzizi hadi Kamanyola. Na hapo Kamanyola ikasimama. Mbele yake kuna ukuta wa milima. Uvira iko chini ya mita 800. Bukavu iko karibu mita 1,500. Reli haikuwahi kupanda ukuta huo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ilifungwa. Kila mfuko wa simenti, kila bati, kila pipa la mazutu lilipandishwa kwa lori kwa kona za mlima. Kwa maneno mengine, mji wa Bukavu ulijengwa juu ya mabega ya disiki za ambreyaji.

Malori ya wakati ule hayakuwa na huruma. Resori za plato zilikuwa nyingi, zimepangwa kwa duara, na pedali ilikuwa nzito kiasi kwamba mguu wa kushoto wa dereva ulitetemeka kabla ya kufika juu. Bwati nyingi hazikuwa na meno ya kusaidia vitesi kuingia. Ilibidi kukanyaga mara mbili, mara ya kwanza kutoa, mara ya pili kuingiza. Aliyekosa kuingiza katikati ya mlima alirudi nyuma na mzigo wake. Ndiyo sababu msaidizi alisafiri juu ya mzigo akiwa na kale ya mti mkononi, tayari kuruka na kuiweka nyuma ya gurudumu. Kazi hiyo haijafa. Kwenye Ngomo, upande wa Nyangezi, mtu anaweza kuiona hata leo, hasa mvua ikinyesha.

Mashine ndogo zilifuata. Katika miaka ya 1950 Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikuwa gari la mishonari, la mwalimu mzungu, la mwenye duka. Motere yake iko nyuma, na imefungwa kwenye bwati kwa buloni nne tu. Ambreyaji ikiisha, motere inashushwa, disiki inabadilishwa, motere inarudishwa. Pedali inavuta kable, na kable hiyo ina njugu ya kuirekebisha. Fundi aliyejifunza kwenye gari hilo alijifunza vizuri, kwa sababu kila kitu kilionekana kwa macho. Katika garaji za wazungu, Mkongo alikuwa mara nyingi mtu wa kushika kle na kuosha piesi. Lakini aliyeosha piesi kwa miaka kumi alijua mahali pake zote.

Ujuzi huo ulikuja kudaiwa kwa nguvu. Tarehe 30 Novemba 1973 rais Mobutu alitangaza zairianizasio: biashara, mashamba na maduka ya wageni yakapewa raia wa Zaire. Garaji na maduka ya piesi yalikuwa ndani ya mfuko huo. Wengine waliopewa hawakujua tofauti ya bute na kokoto. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu ikabaki tupu. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ilikubali kurudisha baadhi ya mali kwa wenyewe, lakini mnyororo wa kuleta piesi ulikuwa umeshakatika. Hapo ndipo Artiki ya 15, jitafutieni, iliingia hadi chini ya gari.

Disiki iliyoisha haikutupwa. Chuma chake kilikuwa bado kizima, kilichoisha ni nyuzi za juu. Fundi alitoboa riveti za zamani, akaondoa nyuzi, akakata nyingine kutoka disiki ya gari kubwa zaidi, akazipiga riveti mpya za shaba au za aluminiamu. Riveti ilipaswa kuzama ndani ya nyuzi. Ikibaki juu, inakwangua vola kama msumari kwenye sahani. Kazi nzuri ya namna hiyo ilimudu miezi mingi. Kazi mbaya iliachana vipande vipande kwenye mteremko wa kwanza. Mafundi wa zamani wanahukumiana hadi leo kwa riveti.

Ndani ya nyuzi hizo, hata hivyo, mlikuwa na kitu ambacho watu wachache walikitaja. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianzisha kazi ya kutengeneza vitambaa vya freni, na jina Ferodo likatoka hapo. Mwaka 1923 kampuni ya Ufaransa ilianza kuuza na kisha kutengeneza bidhaa hizo huko. Ndiyo iliyokuja kuitwa Valeo mwaka 1980, jina ambalo linajulikana kwenye kila duka la piesi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, nyuzi za freni na za ambreyaji, za karibu kila kiwanda duniani, zilikuwa na amiyanti. Amiyanti haiogopi moto, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini vumbi lake likivutwa linakaa kwenye mapafu, na kansa yake inaweza kutokea miaka 20, 30 au 40 baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za amiyanti zinaleta kansa. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1997, na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005.

Gari la zamani linaweza bado kuwa nayo, na piesi ya bei ya chini isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa nayo pia. Bwati ikishuka, ndani ya kengele yake kuna vumbi jeusi lililojaa. Desturi ya garaji nyingi ni kulipuliza kwa mdomo au kwa kompresa, na anayepuliza ni mara nyingi mtoto mwanafunzi wa kazi, wa miaka 14 au 15, aliyeinama pale pale. Hii ni desturi ya kuacha leo. Vumbi linalowanishwa kwa maji, linapanguswa kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa kinatupwa ndani ya mfuko uliofungwa. Maji ya ndoo moja hayana bei.

Tangu miaka ya 1980, na zaidi baada ya vita vya 1996 na 1998, Ulaya ilipungua barabarani na Japani ikaongezeka. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 1984, ikawa gari la mashirika na la wakubwa. Hilux, Hiace, Corolla na Carina zikawa za watu. Nyingi ziliingia okazioni, kwa njia ya Dubai, Mombasa au Dar es Salaam, zikiwa na usukani upande wa kuume katika inchi ambayo watu wanapita upande wa kuume. Dereva akajikuta amekaa upande wa mtaro. Lakini mpangilio wa pedali haukubadilika: popote usukani uwekwe, ambreyaji ni ya mguu wa kushoto.

Ndani pia mambo yalibadilika. Resori nyingi za duara ziliacha nafasi kwa resori moja pana kama sahani, yenye vidole vinavyoelekea katikati. Pedali ikawa nyepesi. Wepesi huo ulileta tabia mbaya: dereva anaweka mguu juu ya pedali safari nzima, kana kwamba ni kibao cha kupumzikia. Bute inazunguka bila kupumzika, disiki inabanwa nusu, na mwenye gari anashangaa mbona ile mpya imeisha kabla ya mwaka. Mbaya zaidi ni ile ya msongamano wa Nyawera: badala ya kuvuta freni ya mkono, dereva anashikilia gari kwenye mpando kwa nusu ya ambreyaji na kuongeza mazutu. Dakika tano za namna hiyo zinakula kuliko siku nzima ya kazi.

Sasa namna ya kujua. Wengi hushusha bwati kwa sababu ya kelele ambayo haikuwa ya ambreyaji, na kushusha bwati ni kupoteza siku na feza. Dalili ya disiki iliyoisha ni moja: motere inapanda, mwendo haupandi, na jambo hilo linaanza kwenye vitesi vya juu na kwenye mlima. Jaribio la zamani linatosha. Gari linawekwa mahali pa tambarare, kale mbele na nyuma ya magurudumu, freni ya mkono imevutwa, hakuna mtu anayesimama mbele. Motere inawashwa, vitesi ya tatu au ya nne inaingizwa, pedali inaachiwa polepole huku ukikanyaga kidogo. Motere ikizimika mara moja, disiki bado inashika. Ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, imekwisha. Jaribio hili lifanywe mara moja tu. Kulirudia ni kuichoma hata ile iliyokuwa nzima.

Kuna dalili nyingine ambazo si za disiki. Vitesi vikikataa kuingia, na cha kurudi nyuma kikisaga meno, ambreyaji haiachii: hapo angalia kable kama imelegea, au kama gari linatumia mafuta, angalia pompi ya juu na ya chini kama zinavuja. Mara nyingi kipete cha mpira cha bei ndogo kimemaliza mambo. Kelele inayokuja ukikanyaga pedali na kutoweka ukiiachia ni bute. Kelele inayokuja ukiiachia na kutoweka ukikanyaga inatoka zaidi ndani ya bwati. Na disiki inayoteleza huku bado ni nene imelowa mafuta. Jwe la mpira nyuma ya motere limepasuka, na kuweka disiki mpya bila kulibadilisha ni kuilowesha mpya pia.

Kwenye gari la kable kuna jambo moja zaidi. Disiki ikipungua, vidole vya resori vinasogea kuelekea bute, na ule mwanya mdogo juu ya pedali unakwisha. Mwanya ukikwisha kabisa, bute inasukuma wakati wote na disiki inateleza hata kama ina uzima. Kwa hiyo wa kwanza kufanya ni kulegeza njugu ya kable na kurudisha mwanya. Kuna magari yaliyopona hapo hapo, bila kufungua kitu.

Kama haliponi, bwati inashuka. Kwenye Hilux kardani inatoka kwanza; kwenye Corolla yenye kuvuta kwa mbele, ni mikono ya magurudumu. Betri ifunguliwe. Gari lisibebwe na kriki peke yake: kriki inanyanyua, magogo au vyuma imara ndivyo vinabeba. Kanuni hii inarudiwa kwa sababu kriki inateleza kwenye udongo wa Bukavu, na chini yake kuna mtu.

Buloni za plato zinalegezwa kwa msalaba, kidogo kidogo, ili plato isipinde. Disiki ikitoka, inasomwa. Ikiwa kichwa cha riveti kiko karibu kugusa juu, chini ya mimilita 0.3, haina kazi tena. Vola inatazamwa: alama za buluu ni moto uliopita, nyufa ni sababu ya kuipeleka kwa fundi wa kuchonga au kuibadilisha. Disiki, plato na bute vibadilishwe pamoja. Anayeweka disiki mpya na kubakiza bute ya zamani ameokoa pesa kidogo, na atashusha bwati hiyo hiyo tena.

Kabla ya kulipa dukani, disiki mpya ilinganishwe na ya zamani: upana, urefu wa kitovu, idadi ya meno. Kisha iingizwe kwa mkono kwenye mti wa bwati. Iteleze bila kulazimishwa. Visanduku vizuri vyenye majina ya Kijapani vinauzwa kila mahali, na kisanduku hakishiki vola. Disiki ina upande wake. Ikigeuzwa, inagonga buloni za vola na haitaachia kamwe. Kuiweka katikati kuna chombo maalumu, lakini mafundi wa hapa huchonga kijiti cha mti mgumu kinachoingia sawasawa kwenye kitovu na kwenye rulema ndogo ya katikati ya vola. Plato inakazwa kwa msalaba huku kijiti kikiwa ndani, kisha kijiti kinavutwa. Grisi kwenye meno ni ya kupaka kwa ncha ya kidole, kwa maana inayozidi itarushwa kwenye disiki. Na bwati isiachwe inaning'inia kwenye disiki wakati wa kuirudisha: watu wawili wanaishika hadi buloni za kwanza ziingie.

Pikipiki za kubeba abiria, ambazo leo ni nyingi kuliko taksi, zina disiki ndogo kadhaa ndani ya mafuta. Hiyo ni habari nyingine.

Magari yasiyo na pedali ya kushoto nayo yamejaa mjini: Vitz, IST, Noah. Yanapendwa kwa msongamano, na mtu anajifunza kuyaendesha haraka. Lakini yakiharibika, mafundi wanaoweza kufungua bwati hizo ni wachache, na betri ikifa hayasukumwi. Gari la ambreyaji linasukumwa. Vitesi ya pili, pedali chini, mteremko, achia: limewaka. Kwenye mji wa milima huo ni msaada mkubwa.

Familia nyingi zinalijua jambo hilo kwa namna isiyo ya furaha. Mnamo Januari 2025, Minova kisha Goma zilipoanguka, watu walishuka kuja Bukavu kwa mashua, kwa miguu na kwa magari yaliyobeba magodoro hadi juu ya paa. Katikati ya Februari M23 iliingia Bukavu yenyewe, na wengi wakaendelea tena, kuelekea Kamanyola na Uvira, kwa ile ile barabara ya Ngomo. Gari la miaka 25 lenye watu tisa ndani linashuka vizuri. Ni kupanda ndiko kunalihukumu. Lililosimama kwa ambreyaji linabaki pale, na watu wanashuka na watoto mgongoni.

Waliorudi na waliobaki wamekuta benki zimefungwa, uwanja wa Kavumu umefungwa, na feza taslimu ni adimu. Dereva wa taksi ambaye zamani angelipa piesi zote kwa mara moja anaomba fundi amngojee. Fundi naye amenunua disiki kwa mkopo. Hapo riveti za miaka ya 1970 zimeanza tena kutajwa kwenye garaji, na wazee wanaokumbuka namna ya kuzizamisha wanatafutwa.

Gari likitoka, siku za kwanza ni za upole. Disiki mpya inahitaji kilomita mia chache za mwendo wa kawaida ili nyuzi zake zikae sawa na vola: bila mzigo mkubwa, bila kuvuta gari lingine, bila kushikilia mpando kwa mguu. Mwenye gari anakubali kwa kichwa, analipa nusu, anaahidi nusu nyingine Jumamosi. Kabla ya saa sita gari liko Nyawera, abiria wanne nyuma na wawili mbele, linangojea kupanda Kadutu.